Chai Isiyochumwa

Anayetaka kuliua shamba la chai huku Kericho na Bomet hahitaji shoka. Aache tu kuchuma. Baada ya wiki chache yale majani mawili laini na chipukizi lake hukomaa, na kiwandani hayapokelewi. Miaka ikipita, mche uliokuwa ukifika kiunoni huwa mti, na shamba hugeuka msitu. Gazeti nalo hufa hivyo hivyo.

Kituoni kwetu, tulipokuwa tukisubiri lori la chai, mzee mmoja alikuwa akitusomea gazeti la Kiswahili la Taifa Leo kwa sauti. Vikapu viko kwenye foleni, sisi tumemzunguka: Mkipsigis, Mkisii, Mluhya, Mjaluo, wote tukisikilizana kwa Kiswahili. Akimaliza ukurasa, karatasi ilipita mkono kwa mkono, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, mpaka herufi zikafifia. Wasikilizaji tulizidi ishirini. Mnunuzi alikuwa yeye peke yake.

Siku moja alituomba tumchangie shilingi tano tano. Tulicheka. "Mzee, si wewe utanunua tu?"

Alipofariki, muuzaji aliyekuwa akilileta kwa matatu hakuona sababu ya kulileta tena. Mwaka huo ukazuka uvumi kwamba bonasi haitalipwa. Hapakuwa na karatasi ya kushindana na uvumi huo, wala mtu wa kuisoma. Wenzetu wengi wakawauzia madalali majani yao kwa bei ya kutupa. Bonasi ikaja, nayo hulipwa kwa kilo zilizopelekwa kiwandani. Waliokuwa wamewauzia madalali walibaki wakitazama.

Vifo vya magazeti vimewahi kutokea kwa ukubwa zaidi. Mumenyereri, gazeti la Kikuyu la Henry Muoria lililoanza mwaka 1945, lilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1952, ilipotangazwa hali ya hatari. Hilo lilikatwa kwa shoka, na aliyelishika shoka anajulikana. Lakini Baraza, gazeti la Kiswahili la kampuni ya East African Standard, lilianza mwaka 1939 chini ya mhariri Francis Khamisi, likavuka vita kuu, likavuka hali ya hatari, likauona uhuru. Kisha karibu na mwaka 1980 likafungwa kimya kimya. Kenya Leo, lililoanza mwaka 1983, nalo halipo tena.

Sasa tazama mji wa Flensburg, Ujerumani. Wadenmaki waliobaki upande wa Wajerumani baada ya Denmark kushindwa vitani mwaka 1864 walianzisha gazeti lao, Flensborg Avis, mwaka 1869. Mhariri wake Jens Jessen alifungwa jela mara kadhaa kwa sababu ya aliyoyaandika. Hata hivyo gazeti hilo linatoka mpaka leo, kwa lugha yao, katika nchi ya lugha nyingine. Denmark huwasaidia kwa fedha, ni kweli. Lakini fedha haisomi gazeti. Wenyewe ndio wanaolisoma, kizazi baada ya kizazi.

Funzo ni hili: lugha haitetewi kwa kusifiwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kama gazeti la Kiswahili ni letu, tulinunue, hata ikiwa ni watu kumi kwa nakala moja. Tuliandikie barua likikosea. Tumpe mtoto alisome kwa sauti jikoni wakati chai inachemka, ili siku msomaji mmoja akiondoka, sauti isiondoke naye. Shoka likija, tutapiga kelele na majirani watatusikia. Kuacha hakuna kelele.

Siku ile mzee alipotuomba, nilikuwa na sarafu mfukoni. Nilicheka pamoja na wenzangu. Shilingi tano zile bado ni deni langu kwake.