Kigoda Kisichosimuliwa

Somo: Yoshua 4:1-7



Waisraeli walipokwisha kuvuka Yordani, Mungu alimwamuru Yoshua achague watu kumi na wawili, kila kabila mtu mmoja, wachukue mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto, mahali waliposimama makuhani. Mawe hayo yalikuwa mawe tu, kama mengine ya mtoni. Hayakuwa na nguvu ya kuponya wala ya kulaani. Lakini Mungu anaujua moyo wa mwanadamu, ya kuwa ni mwepesi wa kusahau. Alitaka kwamba siku watoto watakapouliza habari za mawe hayo, baba zao wawe na neno la kuwajibu. Basi jiwe liliwekwa kwa ajili ya swali, na swali kwa ajili ya jibu. Jiwe lisilo na msimulizi ni bubu.

Twaandika haya kwa sababu katika nyumba zetu nyingi vimo vitu vilivyofanywa kwa mikono ya wazee wetu: kigoda, kikapu, mkeka wa ukindu, kibuyu kilichotiwa nakshi. Tena Wakristo wengi hawajui wavitendeje.

Katika usharika mmoja tuujuao alifariki mzee mmoja, akaacha kigoda cha miguu mitatu alichokichonga mwenyewe kwa tezo, katika gogo moja la mninga, bila msumari hata mmoja. Wanawe walipokutana kugawana urithi, ugomvi ukatokea. Wa kwanza alitaka kichomwe moto, maana alidhani ni kiti cha matambiko. Wa pili alitaka akifiche nyumbani kwake, asije marehemu akakasirika na kuwaletea ugonjwa. Wa tatu alitaka kiuzwe. Siku tatu hawakusemezana.

Ndipo mama yao mjane, ambaye hakuna aliyemwuliza neno, akakipindua kigoda. Chini yake palikuwa na herufi zilizochongwa kombokombo. Akawaambia, “Wanangu, baba yenu alikichonga mwaka alioingia darasa la ubatizo. Alikuwa ameota mvi tayari, akaona haya kubanana na watoto katika viti vyao vidogo. Basi akajifanyia chake, akawa anakibeba begani kila asubuhi kwenda kwa mwalimu. Herufi hizi ndizo za kwanza alizojua kuandika. Ni jina lake la ubatizo.” Wote watatu wakanyamaza. Tangu utoto wao walikula na kuota moto karibu na kigoda kile, wala hawakuijua habari yake.

Ndugu, tulifikiri neno hili. Chombo cha wazee kikikosa msimulizi, hakikai hivi hivi. Moyo wa mtu hukitafutia maana nyingine: mmoja hukigeuza kuwa mungu, mwingine kuwa kuni, mwingine kuwa fedha.

Tusikifanye kuwa mungu. Nyoka wa shaba aliyefanywa na Musa jangwani alikuwa ukumbusho mwema wa rehema ya Mungu. Lakini watu walipoanza kumfukizia uvumba, mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4). Basi mtu akimwagia pombe kigoda cha babu yake na kukiomba mvua au uzima, amemwacha Mungu aliye hai. Babu aliyelala katika Kristo yu mikononi mwa Bwana wake, hakai ndani ya mti.

Wala tusikiogope. Mwaka 1522, Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, watu wa Wittenberg walianza kuvunja sanamu makanisani kwa fujo. Luther akarudi, na tangu tarehe 9 Machi akahubiri siku nane mfululizo. Hakuzisifu sanamu, lakini alifundisha kwamba shoka haliwezi kuugeuza moyo. Neno la Mungu ndilo liugeuzalo. Mtu aweza kuchoma kigoda na hofu ikabaki palepale kifuani mwake. Na aliye huru katika Kristo aweza kukikalia bila kutetemeka.

Bali tukisimulie. Dorkasi alipokufa huko Yafa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao (Matendo 9:39). Hawakuzigombania, wala hawakuziomba neno. Waliziinua ili upendo wa yule mama uonekane. Kila mshono ulikuwa ushahidi wa mkono uliomtumikia Bwana.

Kwa hiyo twawasihi ninyi wazazi: msingoje siku ya matanga. Waambieni watoto ni nani aliyekisuka kikapu kile, alikuwa katika dhiki gani, na Mungu alimtoaje. Msifiche hata habari za ujinga wa zamani, maana Yoshua naye hakuwaficha watu kwamba baba zao waliiabudu miungu mingine ng'ambo ya Mto. Neema haijulikani vema ila pale ilipookota watu. Nanyi walimu, mnapowatembelea wazee na wajane, waulizeni habari hizi wangali na pumzi. Mara nyingi aijuaye habari yote ni yule mama aliyeketi pembeni, ambaye katika kugawana urithi hakuna amwulizaye.

Mti utaliwa na mchwa, na ukindu utaoza. Lakini imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Timotheo, Loisi, na katika mama yake Eunike, ilimfikia mjukuu kwa sababu alifundishwa tangu utoto. Urithi huo hauna wa kuugombania, kwa maana ukigawanywa haupungui. Kila mwana huupata wote. Bwana wetu Yesu Kristo atupe vinywa vya kuusimulia, na watoto wenye masikio ya kuuliza. Amina.