Hiyo Yako Ni Redio

Mwaka 2009, nikiwa darasa la nne, nilimfedhehesha mjomba wangu mbele ya wateja wake kwa sentensi moja ya maneno manne. Mwaka huu, nikihangaika na tasnifu ya uzamili inayouliza ubora wa chombo unatoka wapi, nimegundua kwamba swali langu halikuanzia maktaba. Lilianzia Buguruni, kwenye kibanda cha fundi simu.

Kibanda chenyewe kilikuwa na meza moja, kabati la kioo lenye makava na chaja, bisibisi ndogondogo ndani ya kopo la maziwa, na mswaki mkuukuu wa kusafishia simu zilizoingia maji. Nje kulikuwa na benchi ambalo halikuwahi kukosa watu. Mjomba alikuwa na Nokia N95, aliyoinunua ikiwa imekufa kisha akaifufua mwenyewe. Ilikuwa inateleza pande mbili: ukiisukuma huku zinatokea namba, ukiisukuma kule vinatokea vitufe vya muziki. Kwetu watoto ile haikuwa simu, ilikuwa sherehe.

Siku hiyo alikuja kijana wa jirani aliyekuwa akisoma Marekani, yuko likizo, ana iPhone ya kwanza kabisa. Huko ilikuwa ikiuzwa kwa mkataba wa kampuni moja tu ya simu, kwa hiyo ya kwake ilikuwa imevunjwa loki ili ikubali laini ya hapa. Ubishi ukaanza. Ubishi wa simu wakati ule ulikuwa kama ubishi wa Simba na Yanga: hakuna anayebishana ili abadili timu.

Mjomba alianza na kamera. Ya kwake megapikseli 5, lenzi ya Carl Zeiss, flashi ipo, video inarekodi. Ya mwenzake megapikseli 2, flashi hakuna, video hairekodi. Akaja kwenye intaneti: N95 inashika 3G, ile haishiki. Redio: ipo, haipo. Kadi ya memori: ipo, haipo. Kutuma picha kwa meseji: inatuma, haitumi. Kisha akatoa ile aliyojua itamaliza kazi.

"Haya, nirushie wimbo kwa Bluetooth."

Kila aliyekaa pale alielewa uzito wa ombi hilo. Mwaka ule watu wa mtaani kwetu hawakupakua nyimbo, walirushiana. Wimbo mpya ulitembea kutoka mfuko hadi mfuko, kituo cha daladala hadi kituo cha daladala. Na iPhone Bluetooth ilikuwa nayo, lakini ya kuongea na spika za masikioni tu. Wimbo hautoki wala hauingii. Benchi likalipuka kwa vicheko.

Yule kijana hakujitetea. Alifungua picha zake, akanipa simu mimi, mtoto niliyesimama karibu. "Sukuma kwa kidole." Nikasukuma, picha ikaondoka, nyingine ikaja, kana kwamba nilikuwa nimeigusa karatasi yenyewe. "Sasa weka vidole viwili, vitanue." Uso wa rafiki yake aliyesimama kwenye theluji ukakua mpaka nikaona meno. Sikuwahi kukutana na kitu kinachonitii namna ile.

"Haya, mwamuzi," mjomba akaniambia, akiwa na uhakika wa ushindi. "Ipi bora?"

"Hiyo yako ni redio."

Watu walicheka kuliko walivyocheka kwa Bluetooth. Mjomba naye alicheka. Kisha akainama, akaanza kukaza skrubu za simu ambayo nilikuwa nimemwona akiimaliza kabla ubishi haujaanza.

Sasa, kwa hoja, mjomba alikuwa ameshinda, na hilo ndilo lililonisumbua nilipokua. Wala hakuwa peke yake. Steve Jobs aliionyesha simu ile San Francisco tarehe 9 Januari 2007, na Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, aliicheka hadharani: bei ya juu namna ile, na haina hata vitufe vya kuandikia. Ilipoingia madukani Juni 29 iliuzwa dola 499 na dola 599, na juu yake mkataba wa miaka miwili. Miezi miwili na siku kadhaa baadaye ile ya dola 599 ikashushwa hadi dola 399. Waliopanga foleni siku ya kwanza wakalalamika mpaka wakafidiwa dola 100 za kununulia bidhaa za kampuni hiyohiyo. Nokia yenyewe wakati huo ilikuwa ikiuza karibu simu nne katika kila kumi zilizouzwa duniani. Mwaka 2013 ilikubali kuiuzia biashara yake ya simu Microsoft, kampuni ya yule aliyecheka.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama kisa cha watu wasioona mbali. Mimi usimulizi huo unanikera. Unafanya ushindi uwe ushahidi, kana kwamba aliyebaki sokoni ndiye aliyekuwa na haki tangu mwanzo, na aliyeondoka alikuwa mjinga. Mjomba hakuwa mjinga. Kila kitu alichokitaja kilikuwa kweli.

Katika kitabu cha kumi cha *Jamhuri*, Plato anasema anayekijua chombo ni anayekitumia. Mpiga zumari ndiye anayemwambia fundi ipi inalia vizuri na ipi hailii, na fundi inampasa amwamini. Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilimwona mjomba. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga zumari. Orodha yake hakuitoa kwenye tangazo. Kila kitu ndani yake kilikuwa kimehitajiwa na mtu fulani wa benchi lile wiki hiyohiyo. Alijua umeme unakatika, ndiyo maana alitembea na betri ya pili mfukoni (na tuseme ukweli, betri ya N95 ilikuwa inaisha kabla ya adhuhuri). Halafu likaja zumari ambalo fundi wake hakumuuliza mpiga yeyote wa Buguruni, na wapiga wote wakalifuata. Je, Plato alikosea? Au wapiga walirogwa?

Kwa muda nilikuwa na jibu zuri, na jibu lenyewe lilikuwa mama. Mama alikuwa na kitochi, ukoo wa ile Nokia 1100 ya mwaka 2003 iliyouzwa zaidi ya milioni 250. Cha kwake kilifungwa kwa mpira wa madaftari. Kwa kitochi hicho alimtumia bibi pesa Korogwe, kwa M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007, mwezi uleule N95 ilipoingia madukani, na ikafika kwetu Aprili 2008. Wakati wanaume wa benchi wanagombana juu ya megapikseli, simu iliyokuwa inafanya kazi ya maana kuliko zote ilikuwa imefungwa kwenye pindo la khanga. Nililisema hilo kwenye semina na wenzangu walilipenda sana. Nami nililipenda, mpaka nilipokumbuka jinsi pesa yenyewe ilivyokuwa ikitumwa.

Mama alikuwa akiniita. Shule aliiacha darasa la tatu, na zile herufi ndogo zilikuwa zikimshinda. Mimi ndiye niliyesoma: tuma pesa, weka namba, weka kiasi. Namba yake ya siri niliijua nikiwa na miaka kumi. Meseji za dada yake nilimsomea mimi, na zilikuwemo ambazo mtoto hakupaswa kuzisoma. Sijui kwa nini kwenye semina sehemu hii niliiruka. Labda kwa sababu iliharibu hoja.

Mwaka 2017 alipata simu ya kupangusa, ya bei ya chini kabisa. Baada ya wiki mbili hivi aliacha kuniita. Watu aliwajua kwa picha zao, akabonyeza alama ya maikrofoni, akaongea, akaachia. Bibi naye, kwa simu ya mjukuu aliyekuwa akiishi naye, akamjibu kwa sauti. Walikuwa wakitumiana salamu ndefu zenye kuku na majogoo nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu nijue kusoma, mama alikuwa na siri ambazo mimi sizijui.

Ndipo nilipoirudia ile siku. Kitu nilichokigusa kwenye iPhone, kidole kinachofanya kazi ya neno, kilikuwa sifa ya kweli, na hakikuwa na mstari kwenye orodha ya mjomba. Hakikuwa nao kwa sababu kila aliyekaa kwenye lile benchi alijua kusoma. N95 kwa ndani ilikuwa maneno matupu: fungua kabrasha, ingia mipangilio, chagua. Orodha ilitungwa kwa haki kabisa na watu waliokuwepo. Mama hakuwepo. Alipita jioni ile kunichukua, akasimama mbali kidogo, akasubiri wanaume wamalize.

Lakini hili halinisafishi. Niliposema hiyo yako ni redio sikuwa namfikiria mama. Nilikuwa nimepagawa na theluji. Nilisema jambo lenye ukweli ndani yake bila kuujua ukweli wenyewe, na nililisema kwa namna ya kumuumiza mtu aliyekuwa ananilipia ada. Wala walioitengeneza simu ile hawakumfikiria mama. Kwa dola 499 ni wazi hakuwa mteja wao. Kwa hiyo shukrani sijui niipeleke wapi.

Na mjomba alikuwa amesema neno jingine siku ile, ambalo kelele zililimeza. Aliigeuza iPhone, akatafuta mahali pa kufungulia, akakosa. Betri haitoki. "Huyu hajauziwa simu," alisema. "Ameazimwa." Baadaye alikuja kuona kwa macho yake kwamba betri ya ile ya kwanza ilikuwa imechomelewa kabisa. Kisha zikaja za iPhone 4 zenye skrubu za maua yenye petali tano, ambazo hakuna bisibisi kwenye kopo lake iliyoziingia. Simu za bei ndogo nazo zikaiga, zikaanza kufungwa kwa gundi. Leo mjomba anauza makava na kubandika protekta za kioo. Kutengeneza anatengeneza kwa nadra.

Mwaka juzi simu ya mama ilivimba betri mpaka mgongo ukabinuka, kisha ikazima. Enzi za kitochi angekwenda duka lolote la mtaani, akanunua betri ya BL-5C, akaiweka mwenyewe. Fundi wa Kariakoo aliitazama bila hata kuishika, akasema heri anunue nyingine. Angeweza kununua. Lakini bibi alikuwa amefariki miezi minne kabla, na sauti zake zote zilikuwa ndani ya ile iliyozima. Hakuna aliyekuwa amemfundisha mama kuzihifadhi kwingine. Mimi, mwanafunzi wa uzamili, sikuwa nimemfundisha.

Nilimpelekea mjomba. Umeme ulikuwa umekatika. Alipasha mgongo wa simu kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, akachomeka kadi ya zamani ya vocha pembeni, akaanza kuikata gundi, milimita kwa milimita, akihofia kuitoboa ile betri. Tulikuwa wawili tu. Nikamuuliza kama anaikumbuka siku ya iPhone.

"Ya yule kijana? Nakumbuka. Nilimshinda."

"Ulimshinda," nikasema. "Mimi nikakuharibia."

Hakujibu upesi. Kadi ilikuwa imefika kwenye kona ngumu.

"Ile redio ilikuwa inashika mpaka stesheni za Zanzibar," akasema. "Inua tochi. Unaniwekea kivuli."