Uzuri wa Furati na macho ya aliye angani

Tulikuwa darasani tukisoma historia ya Karbala, mwanafunzi wangu mmoja akanyoosha mkono. "Ustadhi," akasema, "mwanajeshi anapita na helikopta juu ya mto Furati, anauona ulivyo mzuri, anamsabihi Muumba wake, kisha anatua kwenda kuifanya kazi iliyompeleka. Je, ule mshangao wake una thamani yoyote mbele ya Allah (SW)?" Kengele ililia kabla sijajibu. Nikarudi nalo nyumbani.

Ndugu msomaji, swali hili si la kitoto. Baada ya Marekani na washirika wake kuivamia Iraq Machi 2003, vijana wengi waliruka juu ya mto huo, ambao vitabu vya jiografia huuita Euphrates. Unaanzia milima ya Uturuki, unapita Syria, unaingia Iraq na kukutana na Dijla karibu na Qurna. Safari yake ni karibu kilomita 2,800. Ukiwa juu unaona utepe wa maji katikati ya jangwa, na kandokando kijani cha mitende. Babeli ilijengwa juu ya maji yake, na katika bonde lile mwanadamu aliandika miaka zaidi ya elfu tano iliyopita. Nani asishangae?

Jawabu jepesi ni kwamba aliye juu haoni. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye anaiona mitende, hamuoni mwenye mitende. Anayaona mapaa ya Fallujah, haoni nani amelala chini yake. Ushahidi upo: mwaka 2003 kambi ya jeshi iliwekwa ndani ya magofu ya Babeli, na kiwanja cha helikopta kikatengenezwa humo humo. Ripoti ya Jumba la Makumbusho la Uingereza ya Januari 2005 ilieleza kuwa magari ya jeshi yaliponda sakafu ya matofali yenye umri wa miaka 2,600, na udongo wenye vipande vya mabaki ya kale ukajazwa kwenye magunia ya kujikinga.

Lakini jawabu hilo halitoshi. Kama kosa ni umbali, basi aliye karibu angekuwa na huruma. Mwaka 61 Hijria, sawa na 680 Miladia, jeshi lililomnyima maji Imam Hussein (RA) pamoja na watoto halikuwa angani. Lilisimama kwenye ukingo wa Furati hii hii, likimjua fika kuwa ni mjukuu wa Mtume (SAW). Na tarehe 19 Novemba 2005 huko Haditha, mji ulio kando ya mto huo huo, wanajeshi wa Marekani waliwaua raia 24, wakiwemo wanawake na watoto. Wengi wao waliuawa ndani ya nyumba zao. Hakuna aliyefungwa jela kwa mauaji hayo.

Tena, umbali haukumzuia kila mtu kuona. Katika miaka ya 1990 serikali ya Saddam Hussein ilikausha vinamasi vya kusini, makazi ya watu waliokuwa wakiishi kwa samaki na nyati. Mwaka 2001 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza, kwa kutumia picha za satelaiti, kuwa karibu asilimia 90 ya vinamasi hivyo imetoweka. Jicho lililo mbali zaidi kuliko helikopta yoyote likawa shahidi wa wanyonge.

Basi tatizo si umbali wala ukaribu. Kuona ni amana, na macho nayo yataulizwa. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alitahadharisha kuwa Furati itafichua dhahabu, na akaagiza atakayekuwepo asichukue chochote. Tunajifunza kuwa kuona kitu si kukimiliki. Kuna vitu tunaonyeshwa ili tujizuie.

Na sisi tulioko mijini tusijitoe. Kila jioni tunakaa sebuleni na kikombe cha chai, televisheni inatuonyesha miji ya watu ikiungua, picha zimepigwa kutoka juu. Tunasema "maskini", tunabadilisha idhaa. Hapo na sisi tuko angani.

Wiki iliyofuata nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: mshangao ule ni mlango. Ukimfanya mwenye silaha asite pale asipokuwa na hakika, akatae kudhulumu, au arudi kwao aseme kweli, una thamani, na malipo yake yako kwa Mola wake. Ukiishia kwenye picha ya ukumbusho, umekuwa starehe ya macho tu, na huenda ukawa hoja dhidi yake, kwa kuwa hataweza kusema hakuona.

Akaniuliza tena: "Na sisi je, Ustadhi?" Nikamwambia hilo ndilo swali la kwenda nalo nyumbani. Wallahu a'lam.