Fungasha, Watoto Nao Waende

Uliitikia wito. Ulisimama mbele ya kanisa, mkeo kando yako, mtoto mdogo mgongoni kwake, mchungaji akawaombea na watu wote wakasema amina. Mlisema mnakwenda Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, kulitumikia kanisa la huko.

Halafu?

Halafu mkarudi nyumbani, mkaanza kusema: "Watoto wakikua kidogo."

Wakue mpaka lini? Wa kwanza akimaliza darasa la saba, utasema tusubiri kidato cha nne. Akifika kidato cha nne, wa pili yuko kwenye mtihani. Wa pili akitoka kwenye mtihani, wa mwisho ndiyo kwanza anashika kalamu. Siku wote watakapokuwa wakubwa, magoti yako yatauma, mama yako atahitaji mtu wa kumtunza, na Kireno ambacho mwanao angekiokota uwanjani akicheza gololi, wewe utakuwa unakihangaikia kwa miwani.

Usiwatumie watoto kuficha woga wako.

Nasema hivi kwa sababu nawapenda hao watoto, na nakupenda wewe. Nani alikuambia kwamba wao ni mzigo wa safari? Mgeni mwanamume akiingia kijijini na begi la vitabu, watu humtazama kwa mbali. Mama akiingia na mtoto mgongoni, kabla hajatua ndoo bombani ameshaulizwa jina la mtoto, umri wake, na kama ameanza kuota meno. Huduma imeanza! Bado hujahubiri, na tayari kuna mlango uliofunguliwa na mtu asiyejua hata kusema.

Unamjua Cecil Majaliwa? Mtafute umsome. Alikuwa Myao, akatekwa na wafanyabiashara ya utumwa angali mtoto, akafikishwa Unguja. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ikamsomesha, Unguja na hata Canterbury, Uingereza. Akaoa, mkewe akiitwa Lucy. Angeweza kubaki Unguja, mjini, penye shule, penye marafiki na penye meli za kuleta barua. Mwaka 1886 akaenda kuishi Chitangali, upande wa Newala, si mbali na mto Ruvuma, miongoni mwa Wayao. Mwaka 1890 akawekewa mikono kuwa padri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Alihudumu kule zaidi ya miaka 10.

Fikiria Chitangali ya 1886. Hakuna barabara ya lami, hakuna zahanati, hakuna simu ya kumpigia bibi usiku mtoto akipata homa.

Wewe utauvuka mto ule ule wa Ruvuma juu ya Daraja la Umoja, mita 720, lililozinduliwa mwaka 2010. Utavuka umekaa kwenye kiti. Na bado unasema njia ni ngumu?

Sitakudanganya kwamba hakuna gharama. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, mjamzito. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, homa ikawachukua wote wawili, mama na mwana. Kaburi lipo Mombasa hadi leo. Mtu anayekuhimiza kwenda bila kukueleza habari kama hiyo, usimsikilize. Lakini sikiliza na upande wa pili: Krapf hakuwa na chandarua chenye dawa. Hakuwa na kipimo cha malaria kinachotoa jibu kwa dakika chache. Hakuwa na dawa mseto, hakuwa na kadi ya kliniki yenye mihuri ya chanjo. Hata kwamba malaria huletwa na mbu hakuna aliyekuwa anajua wakati ule. Wewe unavyo vyote hivyo, na unajua. Na mbu wa Nampula ana tofauti gani na wa Mtwara ambaye umelala naye chumba kimoja miaka yote hii?

Basi hofu ya homa ijibu kwa kazi. Kesho nenda kliniki na kadi za watoto wote. Ulizia chanjo zilizobaki. Ulizia chanjo ya homa ya manjano mapema, maana hudungwa angalau siku 10 kabla ya safari ili kadi ikubalike, na mtoto ambaye hajafikisha miezi 9 kwa kawaida hapewi. Unaona? Tarehe ya kuzaliwa ya mwanao mdogo inaweza kupanga tarehe ya safari. Mambo kama haya hayangojei upako. Yanangoja mtu aamke asubuhi akapange foleni.

Kuna Cabo Delgado pia, mkoa ulio kati ya Ruvuma na Nampula, najua umesikia. Tangu 2017 kuna mapigano kule, na watu wengi wamekimbia nyumba zao, wengine wakahamia Nampula. Usijifanye shujaa na familia yako. Kanisa linalokupokea ndilo linalojua njia ipi inapitika mwezi huu na mtaa upi mkae. Waulize, wajibu, uwatii. Lakini jiulize pia: hao waliokimbia na watoto mgongoni, wanahitaji nani zaidi ya familia inayokuja na watoto mgongoni?

Sasa lugha.

Umejifunza maneno mangapi ya Kimakua tangu uliposema "nitakwenda"?

Nijibu bila kutazama chini. Kimakua ndiyo lugha ya mama yenye wasemaji wengi kuliko zote Msumbiji, na Wamakua hawako ng'ambo tu. Wako Masasi. Wako Mtwara mjini. Huenda yupo anayeuza samaki soko unalokwenda kila Jumamosi! Umewahi kumwomba akufundishe kusalimia? Maneno ya kwao yatatofautiana na ya Nampula, sawa, utarekebishwa ukifika. Mtu anayekosea kwa bidii hupendwa upesi kuliko bubu mwenye adabu. Kireno nacho, shuleni watoto watafundishwa kwa hicho. Saa moja kila jioni, meza moja, familia nzima, televisheni imezimwa. Baba asikwepe. Mtoto wa miaka 6 akikushinda kuhesabu mpaka mia kwa Kireno, mpigie makofi, halafu uhesabu tena.

Saa moja unayo. Ile unayoimaliza ukiperuzi simu kitandani, ndiyo hiyo hiyo.

Na watoto wenyewe umewaambia nini? Hapa nakaza sauti, kwa sababu hapa wazazi wengi wacha Mungu wanakosea. Wanaficha. Wananong'ona chumbani, mtoto anaona masanduku yanatoka juu ya kabati, anaona bibi analia, na hakuna anayemweleza. Mwambie! Mwambie tunahama. Mwambie tunakwenda wapi, tutapanda gari gani, tutalala wapi usiku wa kwanza. Mwonyeshe ramani. Akilia kwa sababu ya rafiki yake, mwache alie, usimnyamazishe kwa mstari wa Maandiko. Rafiki wa miaka 7 ni rafiki kweli. Mpeleke akaage nyumba kwa nyumba, kwa bibi na babu, kwa shangazi, kwa mwalimu wake wa shule ya Jumapili. Mpe begi lake mwenyewe, achague mwenyewe cha kutia. Akichagua gari la makopo lenye gurudumu moja, liende hilo hilo. Mtoto aliyeaga vizuri hufika akiwa mzima. Mtoto aliyeburutwa, mwili wake utafika Nampula na roho yake itabaki uani kwa bibi miaka.

Na kazi je? Akila na Prisila wa Matendo ya Mitume walikuwa watu wa nyumba, mume na mke, mafundi wa kushona mahema. Walitoka Roma, wakakaa Korintho, wakahamia Efeso, na kazi yao mikononi. Wewe una kazi gani mikononi? Mkeo ni mkunga? Wewe ni fundi seremala? Mnajua kufuga kuku? Beba vifaa! Usiende kama mtu wa kulishwa tu.

Ila usione haya kuomba pia. Hili la fedha limewakwamisha wengi, kwa sababu kiburi huvaa kanzu ya unyenyekevu: "Sipendi kusumbua watu." Kwa harusi yako ulisumbua watu. Uliunda kamati, ukagawa kadi za mchango, ukapiga simu mpaka kwa mtu mliyeachana naye shule ya msingi. Leo kwa kazi ya Mungu koo limekauka? Kaa na wazee wa kanisa. Waeleze kodi ya nyumba, ada, chakula, matibabu, nauli ya kurudi kukiwa na msiba. Taja kiasi. Omba ahadi ya kila mwezi, hata ndogo, ya mtu atakayeitimiza hata mwaka wa tatu ambapo hakuna anayekupigia makofi. Jumuiya nzima ikushike. Hakuna anayejituma mwenyewe.

Pasipoti ni shilingi 150,000 kwa kila mtu, na mtoto mchanga naye anahitaji yake. Ninyi ni watano. Hiyo ni 750,000.

Huna?

Uza kochi. Kochi lile haliendi Nampula. Televisheni haiendi. Kabati la vyombo vya wageni haliendi. Vinakaa sebuleni vikikuambia kila jioni kwamba wewe ni mtu wa hapa, na wewe unavikubalia. Piga picha mchana huu, uziweke kwenye kundi la mtaa, bei yake iwe imeandikwa.

Cheti cha kuzaliwa cha mdogo hakijachukuliwa? Kifuatilie RITA wiki hii, maana bila hicho pasipoti yake haianzi. Vya wengine vitoe kwenye bahasha uone kama majina yanalingana. Herufi moja iliyokosewa inaweza kukula miezi, na miezi ndiyo usiyo nayo.

Fomu ya pasipoti inajazwa mtandaoni. Simu iko mkononi mwako sasa hivi. Ifungue, mwite mama watoto akae karibu, na uanze na jina la mdogo.