Je, Yajuzu Kumcheka Teja?

Kwamba unga wa heroini ni haramu, hilo halina mjadala baina yetu. Kitu kinachoondoa akili na kuangamiza mwili hakihitaji fatwa mpya. Swali tutakalo kulichungua ni jingine, nalo wengi hawalihesabu kuwa ni swali: je, yatujuzia sisi tulio wazima kumcheka aliyenaswa na unga huo?

Twauliza kwa kuwa kicheko hicho kimeenea. Katika filamu na michezo ya kuchekesha, teja huletwa mbele ya watu amepinda mgongo, akisinzia naye yu wima, akiyaburuta maneno, na watazamaji huangua kicheko. Watoto wetu nao huyaigiza hayo barazani. Ama muuzaji huonyeshwa vingine: ana gari, ana jumba, ana watu wa kumtii. Basi mtoto hujifunza mambo mawili kwa pamoja: aliyedhurika ni mpumbavu, na aliyedhuru ni mtu wa cheo.

Uongo juu ya kitu hiki si mpya. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilipoanza kukiuza mwaka 1898, ilikiuza kuwa ni dawa ya kikohozi, ikakipa jina linalotokana na neno la ushujaa. Sifa ilitangulia, msiba ukafuata.

Lililo kweli ni kwamba aliyekwisha kuuzoea unga hautafuti tena kwa ajili ya raha. Huukimbilia ili aepukane na arosto: maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha na kukesha. Hayo hayaonyeshwi, maana hayachekeshi. Wala si yeye aliyeuleta. Mwezi wa Aprili 2014, manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi moja katika bahari ya Kenya. Shehena ya namna hiyo si mali ya mtu alalaye maskani.

Watasema wengine: "Mkimhurumia mtampa moyo wa kuendelea, mwacheni aaibike." Twawajibu kwa Sunna. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari habari ya mtu aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.), naye alikuwa mnywaji, akaadhibiwa kwa ajili ya ulevi wake. Alipoletwa tena, mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa kuwa amezidi kuletwa. Mtume akamkataza, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Tazameni: adhabu haikuondolewa wala haramu haikulegezwa, lakini mtu hakutolewa katika udugu. Na Suratul Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Hilo neno "teja" ni nini, kama si jina la namna hiyo?

Huko Asumbi, katika Homa Bay, mahali panapojulikana kwa misheni ya Kikatoliki na chuo cha walimu, pana nyumba ya kuwatibu waraibu. Hatuoni haya kulitaja jema lifanywalo na wengine. Twauliza tu: je, mzazi wa Mombasa au Lamu amsafirishe mwanawe hadi upande wa Ziwa Viktoria ndipo apate watu watakaomwona kuwa ni mgonjwa? Hata huku kwetu dawa ipo. Methadoni, inywewayo kila siku mbele ya wauguzi, ilianza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na Malindi mwaka 2015. Lakini kijana ataiendeaje mchana kweupe, hali mtaa mzima umezoea kumcheka? Kicheko chetu humrudisha maskani, na afaidiye ni muuzaji.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba haijuzu. Yatupasa tuwakanye watoto wetu, tumwite kijana huyo kwa jina alilopewa na wazazi wake, na ajapo msikitini tumpishe safuni. Wa kugeuziwa uso ni yule tajiri wa unga, hata akileta mazulia ya msikiti na kulisha watu harusini. Ikiwa twamwamkia huyu kwa heshima na kumcheka yule, basi mizani yetu imepinduka, nasi tutaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu awaponye waliopatwa, na atuongoze sote. Amin.