Juu ya Kukata Chumba cha Mashua ya Baba

Nataka kuleta mbele yenu swali moja lililonishika ugenini, wala halijaniacha tangu niliporudi. Mtu aliyerithi kitu, akaona sehemu yake moja haimfai tena, je, ana haki ya kuiondoa? Na kama anayo, haki hiyo yamdai nini?

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Nilipokuwa mgeni huko Marekani, katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota, mwenyeji wangu alikuwa na mashua ya kale, yeye pamoja na kaka yake. Baba yao aliinunua mwaka 1972, naye alipokufa aliwaachia wote wawili, maana mashua haigawanyiki kama shamba. Urefu wake ulikuwa futi 22. Ilikuwa ya alumini, ndiyo ile ya sufuria zetu, ila imechanganywa na madini mengine kidogo ipate nguvu, na mabati yake yameshikwa kwa ribiti, mamia kwa mamia. Upande wa omo palikuwa na chumba kidogo chenye madirisha na vitanda viwili. Mtu aliingia humo kwa kuinama.

Mdogo alitaka kukikata chumba kile. Alisema kwamba chala karibu nusu ya mashua, tena mvuvi hawezi kufika omo ila kwa kutambaa, hata kutupa nanga ni taabu. Na miaka mingi imepita pasipo mtu kulala humo. Alitaka mashua iwe wazi toka tezi hata omo, mvuvi apate kuizunguka yote akivuta samaki wake. Kaka yake akakataa. Akasema, "Baba alitulaza humo tulipokuwa watoto, upepo ukivuma. Wewe huoni haja yake kwa sababu siku hizi unarudi nyumbani kabla ya jua kuchwa."

Tena hakunena kwa huzuni tu. Ziwa Superior lapita hata Viktoria yetu kwa eneo, kilometa za mraba 82,000 hivi, na kina chake chafika meta 406. Maji yake ni baridi hata wakati wao wa joto, na mtu akianguka humo, baridi yaweza kumlegeza viungo asiweze kuogelea. Tarehe 10 Novemba 1975 meli iitwayo Edmund Fitzgerald, yenye urefu wa meta 222, ilizama humo katika tufani pamoja na watu wote 29 waliokuwamo. Katika ziwa la namna hiyo chumba si pambo.

Mimi nalikuwa mgeni, nikanyamaza. Walakini moyoni nalikuwa upande wa mkubwa, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa: kilicho cha baba hakiguswi ovyo. Na yule mdogo nilimdhania kuwa mtu mwepesi.

Basi akaitwa fundi. Nilitazamia kwamba atashika msumeno mara moja, maana alumini hukatwa kwa msumeno kama mbao. Hakushika. Alilala chali chini ya mashua, akagonga mataruma moja moja, akapima ukingo wa juu kwa kamba, kisha akasema, "Chumba hiki si mzigo tu. Chumba hiki chabeba."

Maneno yake nitayaeleza kwa mfano wa kwetu. Chukua debe tupu lenye kifuniko chake. Mtu mzima aweza kulikalia. Likate juu, ulishike kwa mikono miwili, nawe utaona pande zake zacheza huku na huku. Chuma ni kile kile, lakini umbo limeondoka. Alumini ni nyepesi, uzani wake ni kama theluthi moja ya uzani wa chuma, na ukakamavu wake nao ni kama theluthi moja. Kwa hiyo mabati membamba ya namna hiyo hutegemea sana jinsi yalivyokunjwa na kufungamanishwa. Dari ya chumba na ukuta wake wa nyuma ndivyo vilivyozuia mbavu za mashua zisipanuke na kubana kila wimbi lipigapo. Ukiviondoa bila kuweka kitu mahali pake, ribiti zitalegea kidogo kidogo, na maji yataanza kuingia. Tena omo ikiwa nyepesi, na injini nzito iko tezi, mashua itaketi kwa nyuma na kuinua pua. Na wimbi lililokuwa likimwagika juu ya dari litaingia ndani.

Mkubwa alifurahi kusikia hayo. Lakini fundi akataka sakafu ifunguliwe. Hapo tuliona jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Povu gumu lililotiwa chini ya sakafu na waundaji, ili mashua isizame hata ikijaa maji, lilikuwa limelowa kama sifongo, zito mno. Na mbao za sakafu hazikuwa zile za kwanza. Zilikuwa mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, zisioze. Na palipo unyevu shaba huila alumini. Kila ubao ulipogusa bati palikuwa na vishimo, vingine vyapitisha ncha ya kisu.

Nani aliziweka? Mkubwa akazitazama sana, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ni baba yao, mwaka 1985. Yeye mwenyewe alikuwa akimshikia taa.

Wasomaji, tangu saa ile sikuweza tena kuwa upande wa mtu mmoja. Baba yule aliwalaza wanawe penye joto, na baba yule yule, kwa nia njema, aliweka chini ya miguu yao kitu cha kuiharibu mashua. Mambo hayo mawili yalikuja katika urithi mmoja. Anayesema, "Kisiguswe chochote," atakilinda kitanda, na ile shaba atailinda pia. Wala baba hakuiheshimu mashua kwa kuiacha kama alivyoipata. Aliibadili alipoona haja, akakosea.

Hata hivyo kipimo cha mdogo nacho si cha haki. "Mimi sikitumii" si sawa na "hakina kazi." Kwetu vijijini tulipoacha nyumba za kale tukajenga za mabati, tuliutoa moto wa kuni katikati ya nyumba, na tulifanya vema kwa ajili ya macho na vifua vya mama zetu. Lakini moshi ule ndio uliokuwa ukifukuza wadudu katika mbegu za mahindi zilizotundikwa darini. Wengi waligundua jambo hilo wakati wa kupanda, mbegu zikiwa unga. Haikuwa kosa kuutoa moshi. Kosa lilikuwa kutouliza ulikuwa ukifanya nini.

Wayunani wa kale walishindana juu ya merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja moja, kwamba je, ni ile ile au ni nyingine? Swali hilo ni zuri kwa shule. Kule uani pa Duluth halikutufaa kitu, kwa maana mashua si jina lake tu. Kuna watu watakaopanda.

Naona, basi, kwamba mdogo alikuwa na haki ya kukata, lakini kwa sharti la kuichukua yeye mwenyewe kazi iliyokuwa ikifanywa na chumba. Naye alikubali. Akalipa ukingo mzima ufungwe bomba nene la alumini, na mataruma yaongezewe mikono. Yote kwa ribiti, maana moto wa kuchomelea hulegeza alumini kando ya mshono. Vishimo vikazibwa, povu jipya likatiwa, sakafu ikainuliwa juu ya usawa wa maji na kuachiwa matundu ya kutolea maji. Betri zikahamishwa omo kusawazisha uzito. Akanunua mavazi ya kuokoa watu katika maji ya baridi, akaahidi mbele ya kaka yake kwamba upepo ukianza hatatoka.

Kwa hayo aliyalipa yaliyoweza kulipwa. Lakini ile hifadhi ya watoto wawili waliolala usiku wakisikia mawimbi, hakuna bomba la kuishika. Mkubwa alisema, "Kata." Sikuona kwamba alilazimishwa, wala sikuona kwamba alitaka.

Chumba kilikatwa kizima kama kofia, kikawekwa nyuma ya nyumba ya mkubwa, juu ya magogo. Mashua ilishushwa majini mwezi wa Julai. Nilitembea toka tezi hata omo bila kuinama, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Kaka yake alikuja gatini amevaa koti, akatufungulia kamba, akaitupa ndani kwa ustadi, kisha akasimama pale pale. Mdogo wake alimnyoshea mkono apande. Akatikisa kichwa, akatupungia.