Uchafu Utokao Uani Mwetu Ni wa Nani?

Yako mambo ambayo watu wenye adabu hawayataji wakati wa kula, na habari ya choo ni mojawapo. Adabu hiyo ni njema, walakini ikizidi hugeuka kuwa kifuniko cha madhara, maana wazee walisema, Mficha maradhi kilio humfichua. Basi twawaomba wasomaji wetu ruhusa tulinene jambo hili waziwazi mwezi huu, si kwa mzaha, bali kama watu wanenavyo habari ya deni. Maana kila tulipolifikiri tuliona ya kuwa ni deni kweli. Swali letu ni hili: uchafu wa mtu ukiisha kutoka uani mwake, je, ungali wake? Au umekuwa wa jirani? Au ni wa Serikali? Au hauna mwenyewe?

Sisi tukaao shamba swali hili halitulemei sana. Nafasi tunayo. Shimo likijaa twalifukia, twachimba jingine hatua chache kando, na juu ya lile la zamani twapanda mgomba. Udongo na wakati hutufanyia kazi ambayo hatukuilipia. Hata hivyo tukisoma Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, twaona Waisraeli waliamriwa wawe na mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na chombo cha kuchimbia, apate kufukia kitokacho kwake. Tuangalie vema: sheria hiyo walipewa watu waliopiga kambi, yaani wengi waliokaa karibu karibu. Mtu atembeaye peke yake nyikani haihitaji sana. Sheria ya uchafu, basi, ni sheria ya ujirani, na kadiri majirani wanavyosongamana ndivyo inavyozidi kuwa nzito.

Sasa tuwatazame watoto wetu waliokwenda mjini. Tuchukue Dar es Salaam kwa mfano. Huko nyumba chache tu zimeunganishwa na mabomba ya maji taka. Walio wengi hutumia choo cha shimo, na mara nyingi choo kimoja ni cha wapangaji wa vyumba vingi. Ua ni mdogo. Shimo likijaa, la pili litachimbwa wapi? Tena katika mitaa ya mabondeni, kama kandokando ya mto Msimbazi, maji ya ardhini yako karibu, na shimo hujaa upesi. Gari la kunyonya maji taka lataka fedha nyingi, na vichochoro ni vyembamba, halipiti.

Ndipo watu hufanya lile waliitalo kutapisha choo. Wengine huchimba shimo dogo kando na kuuhamishia uchafu humo. Wengine hungoja masika. Mvua kubwa ikinyesha usiku hutoboa ukuta wa shimo, na mafuriko huchukua yote. Asubuhi choo ni kitupu, na mwenye nyumba amshukuru Mungu kwa mvua. Lakini ule uchafu umekwenda wapi? Umeshuka kwa jirani wa chini, katika ua ambao watoto huchezea, na mahali mama ateleapo vyombo vyake.

Je, mtu yule ni mwovu? Tusifanye haraka kuhukumu. Huenda ni maskini kama yule wa chini yake. Huenda nyumba si yake, na mwenyewe akaa mbali, hukumbuka kodi tu. Twasema hivi ili msomaji asidhani ya kuwa tunatafuta mtu wa kumlaumu. Tunatafuta wajibu, na wajibu ni kitu kingine.

Juu ya jambo hili watu wana maneno mawili. Wa kwanza husema, Kila mtu na lake. Aliyejenga bondeni alijua maji huteremka. Wa pili husema, Hii ni kazi ya Serikali. Sisi tumelipa kodi, na tungoje. Tuyapime maneno haya moja moja.

Neno la kwanza huvunjwa na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho katika mji wa London, na watu zaidi ya 600 wakafa. Daktari John Snow alionyesha ya kuwa wengi wa wafu walikunywa maji ya pampu moja iliyokuwa Broad Street. Kasisi wa mtaa ule, Henry Whitehead, hakuamini kwanza. Lakini alikwenda nyumba kwa nyumba akiulizauliza, hata akagundua ya kuwa mtoto mchanga aliugua karibu na kisima kile, na mamaye alimwaga maji ya nepi katika shimo la uchafu la nyumba yao. Shimo lile lilikuwa limepasuka, likivuja kuelekea kisimani. Mama yule hakumdhuru mtu kwa kusudi. Alimwaga uchafu wa mwanawe mahali pake, akadhani umekwisha. Na mjane mmoja aliyekaa Hampstead, mbali na mtaa ule, alikuwa akiletewa maji ya pampu ile kwa sababu aliyapenda kwa ladha yake, naye akafa. Kukaa mbali hakukumwokoa.

Wala si habari za Ulaya tu. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikasambaa mikoani, na mwaka uliofuata haujafika nusu wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000 katika nchi. Ugonjwa haukuuliza ni nani akaaye mlimani na ni nani akaaye bondeni. Basi yeye asemaye, Kila mtu na lake, asema neno lile lile alilolijibu Kaini alipoulizwa habari za nduguye.

Neno la pili lina nusu ya kweli. Hapana mtu mmoja, wala mtaa mmoja, awezaye kujenga mifereji mikubwa ya kupita chini ya mji mzima. London yenyewe haikupona mpaka mto wake uliponuka vibaya katika kiangazi cha 1858, hata wakubwa katika Bunge wakashindwa kuvumilia, wakatoa fedha, na fundi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikuu. Lakini tukumbuke yaliyotangulia. Miaka michache kabla ya hapo, wenye mamlaka walikuwa wameagiza mashimo ya majumbani yafungwe na uchafu usukumwe kwa maji mpaka mtoni. Nia yao ilikuwa njema. Nyumba zikawa safi, mto ukaoza, na watu wengi walikunywa maji ya mto ule ule. Huko ndiko kutapisha choo cha mji mzima. Kwa hiyo hata Serikali yaweza kufanya kosa la yule mtu wa masika: kudhani ya kuwa kitu kikiondoka machoni kimeondoka duniani.

Nusu isiyo kweli ya neno hili ni ile ya kungoja. Tutajuaje ya kuwa maskini waweza kufanya lolote? Tuna ushuhuda kutoka Karachi, nchi ya Pakistan, katika mtaa mkubwa uitwao Orangi. Mwaka 1980 alifika huko mzee mmoja, Akhtar Hameed Khan, aliyepata kuacha kazi yake ya heshima serikalini zamani za utawala wa Waingereza. Alikuwa Mwislamu, wala hatuoni haya kujifunza kwake, maana Bwana wetu alipotaka kuonyesha jirani ni nani alimchagua Msamaria.

Mzee yule hakuja na mabomba. Alizunguka vichochoroni akiuliza na kusikiliza. Watu walimwambia uchafu wapita milangoni, watoto wanaugua, nao wanaingoja Serikali iwape mifereji bure. Yeye na wenziwe wakapiga hesabu. Wakaona ya kuwa gharama kubwa waliyokuwa wakiambiwa ilikuwa na faida ya wakandarasi ndani yake, na ufundi uliozidi haja. Yakiondolewa hayo, na watu wakichimba wenyewe, sehemu ya kila nyumba ilikuwa fedha ambayo hata maskini angeweza kuiweka akiba. Basi wakasema: kichochoro chenye nyumba ishirini au thelathini kikae pamoja, kichague mtu wake wa kuaminiwa, kikusanye fedha, kichimbe mfereji wake. Sisi tutawapa ramani, vyombo na mafunzo, fedha hatutoi.

Watu walinung'unika kwanza. Kisha kichochoro kimoja kikachimba, na cha pili kikaona, na hivyo hivyo, hata katika miaka iliyofuata makumi ya maelfu ya nyumba zikawa na mifereji. Na mifereji hiyo ilidumu, kwa sababu iliyo wazi: yeye aliyelipa na kuchimba ndiye aujuaye mfereji, na ukiziba ndiye auzibuaye. Choo cha kupewa bila kuulizwa mara nyingi hufungwa kufuli, au huachwa kiharibike, kwa kuwa hakina mwenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mkono wa mgeni hauwezi kukaa kichwani mwako siku zote.

Lakini yatupasa kusema kweli yote, maana sifa isiyo kamili hudanganya. Vichochoro vya Orangi vilipojisafisha, maji taka yake yaliingia katika mikondo ya asili ya maji ya mvua, yakateremka mpaka baharini bila kusafishwa. Mapatano yalikuwa kwamba watu wafanye kazi ya ndani, yaani choo na mfereji wa kichochoro, nao wakuu wa mji wafanye kazi ya nje, yaani mifereji mikuu na mahali pa kusafishia. Kazi ya ndani ilikwenda upesi. Ile ya nje ilichelewa. Wenziwe mzee yule hawakunyamaza. Mmoja wao, mama Parveen Rehman, aliongoza kazi ya kuchora ramani za mitaa na mikondo ile, ili wakuu wasiweze kusema hawajui, na ili wanyonge wasinyang'anywe viwanja. Tarehe 13 Machi 2013 alipigwa risasi akafa. Tukimkumbuka tunajua ya kuwa jambo hili si dogo, wala si la aibu, ikiwa mtu aweza kutoa uhai wake kwa ajili yake.

Basi sasa twaweza kujibu swali letu. Uchafu wangu ni wangu mpaka mahali ambapo hauwezi tena kumdhuru mtu. Ukuta wa ua wangu haumalizi deni. Mwisho wa kichochoro hauumalizi wajibu wetu, wala mpaka wa mji haumalizi wajibu wa mji. Bwana wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza na kuhesabu gharama. Vivyo hivyo yeye achimbaye choo bila kuiwaza siku kitakapojaa amejenga nusu ya choo. Na mji unaohesabu vyoo vilivyojengwa, usihesabu ni nani atakayevitoa uchafu, kwa njia gani, na kuupeleka wapi, umehesabu nusu ya kazi.

Kutokana na hayo twaona mambo matatu. Kwanza, mwenye nyumba asipokee kodi ya vyumba kama hataki kujua choo chao. Wako wasomaji wetu wenye nyumba mjini. Neno hili ni letu. Pili, majirani wakae pamoja kabla ya masika, si baada ya kilio. Waweke akiba ya kuondoa uchafu kwa zamu, na fedha iandikwe, maana mali bila daftari huisha bila habari. Tatu, wakuu wa mji wajenge kazi ya nje, nao raia waiulize kwa adabu na bila kuchoka, wakiwa na kazi yao ya ndani mkononi kama ushahidi.

Tena liko moja la mwisho, nalo latuhusu moyoni. Wako watu washukao ndani ya mashimo kwa ndoo na koleo, mara nyingi usiku ili wasionekane, bila viatu vya kufaa wala glavu. Na wengine wamekufa humo kwa hewa mbaya. Siku hizi ziko pampu ndogo za mkono na pikipiki za magurudumu matatu zipitazo vichochoroni, nazo zimekwisha kutumika Dar es Salaam. Lakini hata penye pampu, dharau imebaki. Twamwita mchafu mtu anayeuchukua uchafu wetu. Ni nani aliye mchafu kati yake na sisi? Bwana alichukua beseni akawaosha wanafunzi wake miguu, kazi ya mtumwa, akatuagiza tumfuate. Tumlipe mtu huyo ujira wake kamili, tumpe vyombo vya kumkinga, na tukikutana naye asubuhi tumsalimu kwa jina lake.

Ndugu msomaji, masika yatakuja tena. Usiku ule mvua itakapopiga bati, mtu mmoja mjini, pengine mwanao, atasimama nyuma ya nyumba na chombo mkononi, akiutazama ukuta wa shimo. Tumwandikie barua kabla ya siku hiyo, tukamweleze ni nani alalaye upande wa chini.